Mkataba wa ndoa ya jinsia moja Afrika Kusini: mwongozo kamili, usome kabla hamjaenda Home Affairs (ofisi ya serikali inayosajili ndoa)

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa nakalimani kwenye ofisi ya wakili hapa Johannesburg, wakaingia dada wawili, mmoja wa Tanga, mwenzake mzaliwa wa Soweto, wamependeza, yule wa Tanga bado ana hina mikononi. Wamekuja na daftari la shule wameandika vitu vyao vyote, cherehani mbili, friji, robota tatu za vitenge, kiwanja Tanga, na ukurasa wa pili madeni, mkopo wa gari na akaunti za maduka ya nguo. Wakili akasoma daftari lote akafurahi, akasema angekuwa anapata wateja waliojipanga hivi kila siku, afu akauliza harusi lini. Yule dada akacheka, akaninyooshea mikono yake, akasema muambie ilikuwa Ijumaa.

Nikatafsiri, na nikamuona wakili anafunga kalamu yake.

Walichelewa siku tatu. Mtu waliyemuamini aliwaambia harusi kwanza, makaratasi baadae. Kwa sheria ya Afrika Kusini mkataba wa mali unasainiwa KABLA ya ndoa, ukishaolewa bila mkataba basi sheria imeshakuchagulia na imekuchagulia kwamba kila kitu ni cha wote, mali na madeni, ya kwako ya kabla na ya baada. Kwa hiyo ule mkopo wa gari ambao dada wa Tanga hakuwahi hata kuisaini fomu yake, tangu Ijumaa ulikuwa ni wake pia.

Ndo maana naandika hii, kwa Kiswahili, maana Waswahili tuko wengi hapa, Wakongo wa Yeoville, Watanzania wa Durban, Wakenya kila mahali, na wapo kati yetu wanaooa na kuolewa na watu wa jinsia yao na hawana wa kumuuliza. Ndoa zingine ikitokea shida wazee wanakaa kikao, mjomba anaitwa, shangazi anasuluhisha. Sisi wengi hatuna hicho kikao, wengine nyumbani hawajui kabisa. Kilichobaki ni karatasi, kwa hiyo lazima ziwe sawa.

Kwanza elewa sheria inasemaje

Tarehe 1 Disemba 2005 Mahakama ya Katiba kwenye kesi ya Fourie, hukumu iliyoandikwa na jaji Albie Sachs, ilisema kuwafungia wapenzi wa jinsia moja nje ya ndoa kunavunja katiba, bunge likapewa miezi 12 kurekebisha. Ikatoka sheria ya Civil Union (ushirika wa kiraia), namba 17 ya 2006, ikaanza kazi 30 Novemba 2006, Afrika Kusini ikawa nchi ya tano duniani na ya kwanza Afrika. Kulikuwa na kifungu cha 6 kilichomruhusu afisa wa serikali kukataa kuwafungisha ndoa kwa sababu ya dhamiri yake, watu walikuwa wanazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, kikafutwa na marekebisho ya 2020. Kwa hiyo leo afisa wa serikali akikwambia "mimi dini yangu hairuhusu", hana kifungu cha kujifichia, muombe msimamizi wa ofisi.

Chini ya hii sheria mnaulizwa mnataka iitwe ndoa au ushirika wa kiraia. Haki ni zilezile kabisa. Mi nawashauri watu waseme ndoa, kwa sababu mkihamia nchi nyingine neno "ushirika" kuna sehemu linahesabiwa kama kitu cha chini ya ndoa na mtaanza kuelezana upya.

Masharti: wote muwe na miaka 18 au zaidi, na msiwe na ndoa nyingine yoyote. Hili la pili lisikilize vizuri. Kuna ndugu zetu wengi waliozeshwa nyumbani kwa kulazimishwa, wakakimbia, miaka 10 imepita hawajaonana na yule mke au mume na wanaona ile ndoa imekufa yenyewe. Haijafa. Kama hakuna talaka iliyokamilika, ndoa yako ya hapa inaweza kubatilishwa na mkataba wako unaanguka nayo. Malizana na hiyo kwanza hata ikichukua mwaka.

Hatua ya 1: kaeni chini na daftari

Wale dada hapa walifanya vizuri kuliko watu wote niliowahi kukalimania. Kila mtu anaandika anachomiliki na thamani yake, na kila mtu anaandika anachodaiwa. Usifiche deni, kila mmoja aombe ripoti yake ya mikopo, kwa mwaka unapata moja bure, muisome pamoja. Andikeni na vitu vya nyumbani: kiwanja, nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa, ng'ombe, hela uliyomkopesha kaka yako. Kuna mtu anaona aibu kuweka ng'ombe kwenye karatasi ya wakili, weka tu.

Hatua ya 2: chagueni mfumo wa mali

Iko mitatu.

Wa kwanza ni mali ya pamoja, ndo ule unaokuja wenyewe msipofanya kitu. Kila kitu nusu kwa nusu. Uzuri wake ni rahisi na kwa aliyekuja hana kitu ni ulinzi, ubaya wake ni madeni, mmoja akifilisika mmefilisika wote wawili, na kuuza nyumba au kuiweka rehani lazima mwenzako akubali kwa maandishi.

Wa pili ni kila mtu na chake bila kugawana kitu chochote. Unawafaa watu wenye mali tayari wote wawili, au wafanyabiashara wenye madeni makubwa. Lakini angalia, mmoja akiacha kazi alee mtoto au amfuate mwenzake mji mwingine, miaka 15 baadae anatoka mikono mitupu. Tarehe 10 Oktoba 2023 Mahakama ya Katiba ilisema si haki kwamba ndoa za namna hii za baada ya 1 Novemba 1984 zilikuwa zimenyimwa nafasi ya kumuomba jaji agawe mali pale mmoja alipochangia kukuza mali ya mwenzake. Kwa hiyo sasa mlango upo, ila ni mlango wa kwenda kuthibitisha mahakamani kwa gharama zako, usiutegemee.

Wa tatu unaitwa akruali, na kiukweli kwa wenza wengi ninaowaona ndo unaofaa. Wakati mko kwenye ndoa kila mtu ana mali yake na madeni yake. Ndoa ikiisha, kwa talaka au kifo, mnaangalia kila mmoja ameongezeka kiasi gani tangu mlipooana, na aliyeongezeka kidogo anadai nusu ya tofauti.

Tuchukue mfano maana hapa watu wanapotea. Mmoja ana saluni, anaingia kwenye ndoa na mali ya randi 200,000. Mwenzake fundi umeme ameingia na sifuri. Miaka inapita, wanaachana. Wa saluni ana 900,000. Ile 200,000 ya mwanzo inapandishwa kufuata mfumuko wa bei, tuseme imekuwa 300,000, kwa hiyo yeye ameongezeka 600,000. Fundi ana 100,000, ameongezeka 100,000. Tofauti ni 500,000, nusu yake 250,000, wa saluni anamlipa fundi hiyo. Anabaki na 650,000, fundi anakuwa na 350,000. Ukitoa alichokuja nacho wa saluni, ile 300,000 iliyopandishwa, wote wameondoka na 350,000 waliyoichuma wakiwa pamoja.

Urithi na zawadi kutoka kwa watu wengine haviingii kwenye hesabu isipokuwa mmeandika viingie. Na mnaweza kutaja kitu chochote kingine kwa jina kibaki nje.

Hatua ya 3: thamani ya kuanzia, msiiache wazi

Kila mmoja anaandika kwenye mkataba aliingia na mali ya kiasi gani. Mkisahau mna miezi 6 baada ya ndoa kuandika tamko mbele ya notari (namuelezea hatua ya 5), msipofanya, sheria inachukulia umeanza na sifuri mpaka uthibitishe vinginevyo, na kuthibitisha cherehani ya mwaka 2009 nakwambia sio mchezo. Mwenye madeni kuliko mali naye anahesabiwa sifuri.

Hatua ya 4: kipengele cha nchi, hapa soma mara mbili

Hili ndo linalotuhusu sisi wageni kuliko mtu yeyote na kuna hata mawakili wanaolipita haraka.

Mkiwa mmetoka nchi mbili tofauti, mali zenu za ndoa zinafuata sheria ya nchi gani? Kanuni ya zamani ya mahakama za hapa inasema: nchi ambayo MUME alikuwa na makazi yake ya kudumu siku ya ndoa. Ilitungwa wakati ndoa ni ya mwanaume na mwanamke tu. Sasa wamekaa mbele ya jaji wanaume wawili, mmoja makazi yake Nairobi mwingine Polokwane, mume ni yupi? Au wanawake wawili, hakuna mume hata mmoja. Kanuni haina jibu hapo, na mkiwa hamjaandika kitu mtalipa mawakili walitafute hilo jibu wakati tayari mmegombana.

Dawa yake ni sentensi mbili tatu ndani ya mkataba: kwamba kila mmoja ametaja makazi yake ya kudumu ni wapi, kwamba popote mtakapohamia mali za ndoa yenu zitaongozwa na sheria ya Afrika Kusini, na kwamba mkataba unahusu mali zote zilizoko ndani na nje ya nchi. Muulize wakili wako kwa mdomo wako, "hicho kipengele kiko ukurasa gani?" na akuonyeshe.

Ardhi ya nyumbani ni habari nyingine. Ardhi inafuata sheria ya pale ilipo. Tanzania asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, Kenya mgeni anapata upangaji tu usiozidi miaka 99. Juu ya hapo ndoa yenu haitambuliki kule, katiba ya Kenya ibara ya 45 inataja ndoa na mtu wa jinsia tofauti, Tanzania kifungu cha 154 cha kanuni ya adhabu ni miaka 30 mpaka maisha kwa tendo lenyewe, Uganda sheria ya 2023 imeifanya hata hiyo ndoa kuwa kosa. Kwa hiyo usitegemee mwenza wako aende na cheti chenu akadai kiwanja Tanga, hata asijaribu, ni hatari. Mnachofanya ni kuweka thamani ya kile kiwanja kwenye hesabu za huku, ili kama wewe unabaki na kiwanja, mwenzako anafidiwa kwa kitu kilichoko Afrika Kusini.

Hatua ya 5: notari, na ile miezi mitatu

Mkataba unasainiwa mbele ya notari, ambaye hapa ni wakili mwenye mtihani wa ziada, sio kila wakili. Kila mmoja wenu ana haki ya wakili wake mwenyewe. Kama mwenzako ndo anayelipa na ndo mwenye hela, naomba sana tafuta wako hata kwa saa moja. Na kama Kiingereza hakijakaa vizuri dai mkalimani na iandikwe kwenye mkataba kwamba ulitafsiriwa, siku ya ugomvi hamna wa kusema hakuelewa alichosaini.

Ukishasainiwa una miezi 3 uwe umesajiliwa kwenye ofisi ya hati, ileile inayosajili nyumba. Ukisainiwa nje ya Afrika Kusini ni miezi 6. Bila usajili mkataba unawabana nyie wawili tu, mwenye kukudai haumhusu, yani ulinzi wenyewe uliokuwa unautafuta haupo. Usiambiwe "tumetuma", subiri upewe nakala yenye namba ya usajili. Na hata mkiwa na kila mtu na chake, mmoja akifilisika msimamizi wa ufilisi anaanza kwa kushika mali za wote wawili mpaka yule mzima aonyeshe zipi ni zake. Risiti na ule mkataba ndo vinakutoa.

Mkataba huu hapa wenyeji wanauita ANC, kifupi cha "antenuptial contract", yani mkataba wa kabla ya ndoa. Ukisikia mtu anauliza "mna ANC?" sio chama cha siasa anachoulizia.

Hatua ya 6: harusi yenyewe

Mnaenda na vitambulisho, mgeni na pasipoti yake na karatasi za ukaaji, na mashahidi wawili. Mgeni ataulizwa uthibitisho kwamba hana ndoa kwao. Hapa tulia. Hiyo barua inahusu hali yako wewe tu, hailazimiki kutaja unaoana na nani, kwa hiyo usijipeleke ubalozini na hadithi yote. Na kama wewe ni mkimbizi au unaomba hifadhi usiende ubalozi wa nchi yako kabisa, kanuni za wakimbizi zinaweza kukuhesabia kwamba umerudi chini ya ulinzi wa nchi uliyoikimbia, ukapoteza hadhi yako kwa sababu ya barua moja. Ongea na wakili wa wakimbizi kuhusu kuapa kiapo badala yake.

Siku yenyewe ni fupi. Afisa anawauliza ndoa au ushirika, anauliza kama kuna kizuizi, mnajibu, mnapeana mkono wa kulia, mnasaini. Nimeshuhudia watu wazima wakilia kwenye ule mkono wa kulia. Kabla ya kusaini angalieni kwenye fomu kama imeandikwa kuna mkataba au hakuna, na wiki chache baadae rudini muulize kama ndoa imeingia kwenye mfumo, maana kuna watu wana cheti mkononi lakini kwenye kompyuta bado ni makapera.

Hatua ya 7: mkataba haumalizi, kuna karatasi zingine nne

Wosia. Usaini kila ukurasa, mashahidi wawili wenye miaka 14 au zaidi wakiwa pamoja nanyi, na shahidi asiwe mtu anayerithi wala mume au mke wa anayerithi, atapoteza urithi wake. Bila wosia mwenza wako bado ni mrithi kisheria, ila atagawana na watoto wako, na ndugu watakuja na maneno mengi. Mkiachana mbadilishe wosia mapema, sheria inamuondoa mtalaka kwenye wosia wa zamani endapo tu umefariki ndani ya miezi 3 baada ya talaka, ukipitisha hapo inachukuliwa ulitaka arithi.

Mazishi. Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu nimelikalimania. Mtu amefariki, ndugu wamepanda basi siku tatu kuja kuchukua maiti, na yule aliyemuuguza miaka miwili anaambiwa asimame nje na "marafiki wengine". Andika kwenye wosia nani ana mamlaka ya kukuzika, wapi, kwa dini gani, na mpe mwenza wako nakala halisi leo, akae nayo. Wosia uliofungiwa kwa wakili ukafunguliwa wiki mbili baada ya mazishi haujasaidia kitu. Ongea pia na ndugu mmoja unayemuamini, hata kama ni binamu tu.

Hospitali. Sheria ya afya ya 2003 inasema ukiwa huwezi kujiamulia, anayetangulia ni mtu uliyemteua kwa maandishi, afu mume, mke au mwenza, ndipo wanafuata wazazi. Mteue kwa maandishi hata kama mna cheti, inapunguza mabishano saa nane usiku mapokezi. Na jua kwamba hati ya uwakala ya kawaida, ile karatasi ya kumruhusu mtu ashughulikie mambo yako ya benki na mali, hapa inakufa pale unapopoteza akili timamu, ndo wakati ungeihitaji, kwa hiyo akaunti ya matumizi ya nyumbani kila mtu awe na yake yenye kitu.

Pensheni na bima. Nenda kazini kabadilishe jina la mnufaika, wengi bado wameandika mama au kaka tangu walipoajiriwa. Kwenye bima ya maisha jina lako ndo linaamua. Kwenye mfuko wa pensheni wadhamini, yani wanaousimamia mfuko, wanaangalia waliokuwa wanakutegemea afu ndo wanagawa, jina uliloandika linawaongoza tu, kwa hiyo weka na nakala ya cheti cha ndoa kwenye faili lako.

Kuhusu watoto neno moja: mkataba hauwezi kuamua mtoto atakaa na nani wala kufuta matunzo yake, hata mkiandika kurasa kumi jaji anaangalia maslahi ya mtoto. Wenza wa jinsia moja wanaruhusiwa kuasili pamoja tangu kesi ya Du Toit ya 2002, na kama mtoto ni wa mmoja wenu tu, fanyeni uasili rasmi, usibaki "mama mdogo" wa kwenye maneno.

Kama mmeshaoana bila mkataba

Njia ipo, ni kifungu cha 21 cha sheria ya mali za ndoa ya 1984. Mnaomba Mahakama Kuu kwa pamoja, mnaeleza sababu ya maana ya kubadilisha, wanaowadai wanaarifiwa, tangazo linatoka kwenye gazeti la serikali na magazeti mengine mawili, na jaji lazima aridhike hakuna anayeumizwa. Inagharimu mara nyingi zaidi ya mkataba wa kawaida, na madeni ya zamani hayakimbiwi.

Wale dada wawili ndo njia waliyopita. Yule wa Soweto alianza kulipa mkopo wa gari kwanza ili benki isiwe na sababu ya kupinga, yule wa Tanga akawa anashona usiku. Kilichomtisha yeye kuliko gharama ni lile tangazo, jina lake la pasipoti na la mke wake kwenye gazeti moja, akawaza kuna mtu wa kwao atalipiga picha na simu alitume Tanga. Tulikaa naye na wakili tukiongea hilo peke yake karibu saa nzima, mwishoni akaamua mwenyewe kwamba ataenda nalo, na kabla halijatoka akampigia dada yake mkubwa akamwambia, asije akaisikia kwa watu. Agizo la mahakama lilipotoka walikuja kuchukua nakala na lile daftari la shule, wakamuomba wakili asaini thamani zilezile walizoandika mara ya kwanza, cherehani mbili, friji, robota tatu za vitenge.